UZI: Mimi ni wa Wizards, na sitaombea timu yangu ipigwe tena

Kahawa Tungu (mwenye uzi)

Salaam wana jukwaa. Najua wengi humu, wapenzi wa NBA, ligi ya basketi ya Marekani, ni Lakers, wengine Warriors, na wako wale waliohamia Oklahoma City mwezi wa sita mwaka huu wa 2025 mara tu kombe lilipoinuliwa. Mimi ni wa Washington Wizards. Chekeni kwanza, nangoja.

Mmemaliza? Haya.

Timu hii niliirithi kwa ami yangu. Miaka ya themanini alikuwa akifanya kazi gatini Kilindini, Mombasa, zama zile manowari za Marekani zikitia nanga hapa na mabaharia wakajaa mji. Mmoja alimwachia kofia ya Washington Bullets, ndilo jina la timu kabla haijaitwa Wizards mwaka 1997. Basketi yenyewe ami hakuijua hata chembe. Alichojua ni kwamba timu hiyo ina Mdinka kutoka Sudan, Manute Bol, mwenye urefu wa mita 2.31, na kwamba msimu wake wa kwanza, 1985-86, alizuia mitupo 397. Ile 397 ami aliitaja kama mtu anavyotaja nambari ya kitambulisho chake. Halafu 1987 wakamleta Muggsy Bogues, kimo mita 1.60, wakawasimamisha wawili hao bega kwa, niseme bega kwa kiuno. Ami alikuwa na ile picha, imekatwa gazetini, amebandika ndani ya mlango wa kabati. Wageni walioneshwa kabla hawajapewa chai.

Kofia ninayo mimi sasa. Imepauka, huwezi kujua ilikuwa rangi gani. Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini nilichagua timu mbovu, jibu ni kwamba sikuchagua. Mtu hachagui ami.

Ubovu wenyewe una historia ndefu. Tumebeba kombe mara moja tu, 1978, akina Wes Unseld na Elvin Hayes, kwa kuwafunga Seattle mechi ya saba kwao. Mwaka uliofuata tukashinda mechi 54, tukafika fainali tena, Seattle wakalipiza. Tangu hapo hatujafikisha ushindi 50 katika msimu. Hata mara moja. Hatujafika fainali ya Mashariki pia. Michael Jordan mwenyewe alivaa jezi yetu misimu miwili, 2001 hadi 2003, na hatukuingia mchujo wa kuwania kombe.

Karibu zaidi nilipofika mimi kwa macho yangu ni 2017. John Wall anatupa ile ya pointi tatu mechi ya sita dhidi ya Boston, 92 kwa 91, nikapiga ukelele jirani akagonga ukuta. Mechi ya saba akaja bwana mmoja wa benchi, Kelly Olynyk, akatufunga pointi 26. Olynyk! Mwaka huu wa 2025 mwezi wa saba tukamleta huyo huyo kwetu katika kubadilishana na New Orleans. Nilipoona jina nikaizima simu. Siku chache baadaye wakampeleka San Antonio, hakuvaa hata jezi. Nadhani kuna mtu ofisini kwao naye alikumbuka.

Tangu 2023 ndio tunajenga upya. Walikuja mabwana wapya, Michael Winger na Will Dawkins, wakabomoa nyumba mpaka msingi. Bradley Beal akaenda Phoenix. Porzingis akaenda Boston, na mwaka uliofuata akavaa pete ya ubingwa huko. Sisi tukabaki na watoto. Msimu wa 2023-24: ushindi 15, vichapo 67, mbaya kuliko yote katika historia ya timu. Msimu uliopita, 2024-25: 18 na 64, na ndani yake tulipoteza mechi 16 mfululizo, tukapumua, kisha tukapoteza 16 nyingine mfululizo.

Sasa fikirini maana yake kwa mtu wa Majengo. Mechi ya saa moja jioni kule Washington, kwetu wakati wa baridi yao ni saa tisa usiku. Naamka, sauti ya simu nimeizima nisiamshe watoto, nakaa jikoni na chupa ya kahawa. Robo ya nne inagongana na adhana ya alfajiri. Tumeachwa pointi 24. Naenda kuswali, nikirudi ni 29. Mke wangu aliwahi kuniuliza, hivi wale watu wanajua kama wewe uko macho?

Usiku mmoja tu nitausimulia. Disemba 2024, tumeshapoteza 16. Wanakuja Denver na Nikola Jokić. Yule bwana akafunga pointi 56. Hamsini na sita! Na tukashinda, 122 kwa 113. Jordan Poole alikuwa moto usiku ule. Nilitoka nje kungali giza, nikanunua mahamri ya mtaa mzima.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi.

Siku ya mwisho ya msimu, Aprili 13 mwaka huu, tuko Miami. Sisi na Utah tuko sawa mkiani, kila mmoja ushindi 17. Humu ndani, na kwenye makundi yote, watu wanaomba tupoteze, ili tuwe wa mwisho kabisa na tupate nafasi nzuri kwenye bahati nasibu ya drafti, pale timu mbovu zinapopangiwa zamu za kuchagua wachezaji wapya, tumpate Cooper Flagg, kijana aliyekuwa akitamaniwa na wote. Mimi pia niliomba. Nakiri. Mechi ikafika sekunde za mwisho, mpira uko kwa Bub Carrington, kijana wa mwaka wa kwanza, amecheza mechi zote 82 bila kukosa hata moja. Akatupa. Ukaingia. 119 kwa 118. Wenzake wakamrukia kama wamechukua kombe.

Na mimi, shabiki wa kurithi, mwenye kofia, nikasema "aaah".

Hiyo "aaah" imenikaa kooni mpaka leo. Kijana amehangaika mwaka mzima, amefanya kile alichotumwa, na mimi namsikitikia kwa kufanikiwa. Utah nao siku ile walipoteza, wakawa wa mwisho peke yao. Mwezi wa tano bahati nasibu ikachezwa: Dallas, waliokuwa na asilimia 1.8, wakapata nambari moja. Sisi na asilimia zetu 14 tukatupwa mpaka nambari 6.

Basi nimeamua. Msimu huu wa 2025-26 unaoanza Oktoba sitaomba kichapo hata kimoja. Matumaini yangu ni kuona hawa watoto wakijifunza kushinda. Semeni nanyi.

---

Lakers wa Likoni

Nimesoma yote. Pole. Kuna nafasi kwetu, hatutozi kiingilio.

---

Hesabu Kwanza

Sheikh wangu, uzi mtamu, lakini weka machozi kando tupige hesabu.

Kwanza, ule mtupo wa Carrington haukuwaharibia kama watu wanavyosema. Kwa sheria iliyopo tangu 2019 hadi sasa 2025, timu tatu za mwisho zote zina asilimia 14 sawa za kupata nambari moja. Tofauti iko chini: wa mwisho hawezi kuporomoka kupita nambari 5, wa pili kutoka mwisho hawezi kupita 6. Mlianguka mpaka sakafuni mwenu, Utah wakaanguka mpaka sakafuni mwao. Mtupo ule uligharimu ngazi moja, na hata hiyo si hakika, maana mngefungana na Utah mngeamuliwa kwa kura.

Pili, na hapa ndipo pabaya. Chaguo lenu la raundi ya kwanza la 2026, yaani zamu yenu ya kuchagua mchezaji mpya, lina deni. Mlipomtoa Wall mkamchukua Westbrook 2020, mliambatanisha chaguo. Limezunguka mikono, mwaka huu wa 2025 liko New York. Likitua kati ya 1 na 8, ni lenu. Likitua 9 kwenda chini, ni lao. Na kwa sheria ya bahati nasibu, anayemaliza wa nne kutoka mkiani anaweza kushuka mpaka nambari 8, si zaidi. Kwa hiyo ili muwe salama kabisa, lazima muwe ndani ya wanne wa mwisho.

Maana yake mkianza "kujifunza kushinda" mwaka huu, mkashinda mechi 30, hamwingii mchujo na chaguo linaweza kwenda. Mtakuwa mmekosa mwana na maji ya moto. Mwaka mmoja zaidi wa kuvumilia, ami. Mmoja tu.

---

Bandari Damu

Mimi mtu wa kandanda, basketi naipitia juujuu, lakini jambo hili la kupoteza kwa makusudi linanishinda. Hapa kwetu ukiwa mkiani unashuka daraja. Unalia, mshahara unapungua, wachezaji wanakimbia. Kule ukiwa mkiani unapewa zawadi? Bandari yetu haijawahi kuchukua ligi, lakini sijapata kukaa Mbaraki nikaomba tufungwe. Ningetolewa uwanjani kwa viatu.

Halafu hao wanaolipa tiketi huko Washington, wanalipia nini?

---

Hesabu Kwanza

@Bandari Damu hakuna kushuka daraja, timu ni 30, basi. Wanaita kutanki. Mchezaji mmoja akiwa hodari sana anabeba timu nzima kwa sababu uwanjani wako watano tu, si kumi na mmoja. Ndiyo maana wanauza miaka mitatu wampate mmoja.

---

Kahawa Tungu

@Hesabu Kwanza hapo kwenye deni la New York umenichoma mahali penyewe. Nalijua. Nilikuwa nalificha, kama mtu anavyoficha bili ya stima nyuma ya redio.

Lakini wewe uliyesema "mmoja tu" ndiye uliyesema "mmoja tu" mwaka jana. Nimerudi kuusoma ule uzi.

Na tuangalie huyo bingwa wa mwaka huu, maana Dawkins alitoka kwao na wote wanasema tunafuata njia yake. Oklahoma City walipoteza kweli: ushindi 22 msimu mmoja, 24 uliofuata. Lakini nani aliwapa kombe? Shai Gilgeous-Alexander hawakumpata kwa bahati nasibu. Walimchukua Clippers 2019 walipomtoa Paul George, na kwenye drafti alikuwa nambari 11. Jalen Williams, nambari 12. Holmgren ndiye wa juu, nambari 2. Kwa hiyo walichofanya vizuri ni kuona na kufundisha. Philadelphia nao walipoteza wakampata Joel Embiid wa Kameruni 2014, mchezaji mkubwa kweli huyu, wakazidi kupoteza hadi ushindi 10 tu msimu wa 2015-16, na mpaka mwaka huu wa 2025 naye hawajavuka raundi ya pili.

Mpira wa plastiki kwenye mashine ya bahati nasibu haujui kufundisha mtu kukaba.

---

Dada wa Makande

Hamjambo. Mimi nilicheza zamani, sasa nafundisha wasichana jioni, viwanja vya sakafu ya saruji, mnavijua. Nitasema la kwangu kama mwalimu.

Kaka mwenye uzi uko sawa lakini sababu yako si ile. Unaongea kwa uchungu wa ile "aaah". Mimi naongea kwa dakika tatu za mwisho.

Mtoto anayepigwa kwa pointi 25 kila wiki hajifunzi kitu kuhusu dakika tatu za mwisho, kwa sababu kwake hazipo. Mechi imeshakufa robo ya tatu. Kila mtu anatupa anavyotaka, anatafuta pointi zake, hakuna anayemlaumu. Nimeona timu ya wasichana hodari, mmoja mmoja ukiwatazama unasema hawa wataenda KPA, wale akina dada waliobeba ubingwa wa Kenya. Walizoea kufungwa vibaya. Siku walipofika mbele kwa pointi mbili na dakika moja imebaki, waliogopa mpira. Kweli kabisa, walikuwa wanarushiana kama chungu cha moto. Hawakujua kuongoza kunafananaje.

Kwa hiyo msihesabu ushindi. Hesabuni mechi ngapi zimefika dakika tatu za mwisho tofauti ikiwa pointi tano au chini. Hizo hata ukipoteza zote, chaguo lako liko salama, na watoto wamekula shule.

Na hapo ndipo wakongwe wanapofaa. Naona msimu huu wa 2025-26 mnaanza na CJ McCollum na Khris Middleton, huyu amebeba kombe na Milwaukee 2021. Hao si wa kuwaonea haya kwamba wanachukua dakika za vijana. Wawekwe uwanjani mwishoni, mtoto aone mtu mzima anavyoshika mpira bila kutetemeka.

---

Lakers wa Likoni

Dada ameua uzi. Fungeni.

---

Hesabu Kwanza

Hapana usifungwe. Dada wa Makande nakubali kwa asilimia tisini. Hata Detroit ni ushahidi wako: 2023-24 walishinda 14 tu, walipoteza 28 mfululizo katika msimu huo mmoja, watu wakawafanya kichekesho dunia nzima. Msimu uliofuata, 44. Cade Cunningham alikuwapo miaka yote miwili. Kilichobadilika ni kocha, na wakongwe wanaojua kutupa na kutulia, akina Tobias Harris na Malik Beasley. Yule yule mtoto, watu wengine pembeni yake.

Lakini Detroit walikuwa na Cunningham, nambari moja wa 2021. Ninyi nani? Hilo ndilo asilimia kumi yangu.

---

Kahawa Tungu

Nimekaa na maneno ya dada tangu jana. Nikaenda nayo kazini, nikarudi nayo kwenye tuktuk.

Kwanza nirekebishe niliyosema. Sikuwa mkweli kabisa. Niliposema nataka ushindi nilikuwa nataka mtu aniombee msamaha kwa ile "aaah". Ninachotaka hasa ni kile alichokisema: mechi zenye dakika tatu za mwisho. Nikipata thelathini za namna hiyo, na tukashinda tano kati yake, New York wakae na kiu yao.

@Hesabu Kwanza umeuliza nani. Sina jina moja la kukupa, na hilo linanitisha vilevile. Nitakupa ninaowatazama.

Alex Sarr, Mfaransa, baba yake Msenegali, nambari 2 wa 2024. Mita 2.13 na miguu ya mlinzi. Walimweka kikosi cha kwanza cha wachezaji wa mwaka wa kwanza wa ligi. Lakini kutupa kwake kulinitia presha: chini ya asilimia 40, mtu wa kimo kile! Anasimama nje kwenye mstari wa pointi tatu kama anaogopa kuloa. Ningekuwa na namba yake ningempigia: kijana, ingia ndani, gonganeni. Bol hakuwa na kilo, lakini alisimama chini ya kikapu. Akirekebisha hilo tu, nusu ya swali lako nimejibu.

Bilal Coulibaly, naye Mfaransa, asili Mali, alicheza timu moja na Victor Wembanyama, yule Mfaransa mrefu, kabla hawajavuka bahari. Anakaba yeyote. Kufunga ndio bado, mwaka wake wa tatu huu, na mwaka wa tatu huwezi tena kusema ni mtoto.

Tre Johnson ndiye huyo nambari 6 wetu wa mwaka huu, kutoka Texas. Huyu anajua kutupa. Sijamwona vya kutosha, lakini kuna namna mpira unavyotoka mkononi mwake, laini, hata mtu wa kandanda kama @Bandari Damu ataelewa. Ajabu ni kwamba kama Bub asingefunga kule Miami pengine tungechagua nambari 5, na pengine Johnson asingekuwa kwetu. Kwa hiyo ile "aaah" yangu huenda ilikuwa ya bure hata kwa hesabu.

Kyshawn George nampenda bila sababu.

Na Bub. Mechi 82. Mwaka wa kwanza. Kwenye timu inayopigwa usiku kwa usiku, ambapo kidole kikiuma kidogo tu mtu angepumzishwa na hakuna ambaye angeuliza. Sijui kama atakuwa nyota. Labda hatakuwa. Ila huyo ndiye ninayeamkia.

---

Bandari Damu

Mmenivuta. Msimu ukifunguliwa nitakuja kutazama mechi moja. Saa tisa usiku lakini? Hamna ya mchana?

---

Kahawa Tungu

Zipo za Jumapili mchana kwao, zinaangukia usiku wa mapema kwetu. Lakini ukianza na za mapema hutajua timu hii ni nini. Njoo saa tisa. Mlango wa nyuma, usibishe, tuma ujumbe.

---

Dada wa Makande

Mechi ya kwanza niandikieni tofauti ya pointi ikibaki dakika tatu. Nitaibandika ubaoni kwa wasichana wangu, tuanze kuhesabu pamoja.

---

Lakers wa Likoni

Na mimi nije? Naleta mahamri. Feri ya usiku najua saa zake.

---

Kahawa Tungu

Njoo. Jezi ya njano uiache Likoni. Kofia ya ami utaishika ukishanawa mikono.